Umeme wa Jua kwa Redio za Ridhaa: Kisiba Hesabu Huanza na Mvua

Masika inapoushika ukanda wa Tukuyu, mkoani Mbeya, mambo mawili huja pamoja: haja ya mawasiliano huongezeka na jua hupungua. Barabara za udongo huteleza au kukatika, miti huangukia nyaya za umeme, na familia iliyo upande mmoja wa korongo hutaka kujua hali ya ndugu walio upande wa pili. Siku hizohizo ndizo paneli ya sola hukaa saa nyingi chini ya wingu zito. Mtu anayetaka kuendesha redio ya mawasiliano kwa umeme wa jua katika kata kama Kisiba hana budi kuanza na ukweli huo, hata kabla ya kuuliza bei ya paneli.

Kisiba ipo kusini-mashariki mwa mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya migomba na ardhi ya rutuba iliyotokana na volkano. Ziwa Kisiba, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la Ziwa Masoko, limejaa ndani ya shimo la volkano ya kale kwenye kimo cha takriban meta 840 kutoka usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, kuelekea Jiji la Mbeya, umesimama Mlima Rungwe wenye kimo cha takriban meta 2,960. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha Dodoma. Msimu wake ni mrefu pia: huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Mei, na kilele chake huwa Machi na Aprili.

Redio ya ridhaa si redio ya kurushia vipindi, na haifanani na redio jamii. Ni huduma ya mawasiliano ya pande mbili inayoendeshwa na watu binafsi wenye leseni, kwa madhumuni ya kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kuwasiliana wao kwa wao bila kutafuta faida ya fedha. Maana hiyo imewekwa katika Kanuni za Redio za Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU). Wazee wanaoikumbuka simu ya upepo iliyotumika katika misheni, hospitali na mashamba makubwa wanaufahamu utaratibu wake: mmoja hubonyeza kitufe na kusema, mwingine husubiri zamu yake. Katika masafa hayo vituo vya Tanzania hutambulika duniani kote kwa alama za mwito zinazoanza na 5H.

Nguvu ya huduma hii ni kwamba kati ya msemaji na msikilizaji hakuna mnara, hakuna mkongo na hakuna mtambo wa kampuni. Wananchi wengi wanakumbuka Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipodhoofisha huduma ya intaneti nchini na katika nchi jirani. Redio mbili za ridhaa zingeweza kusikilizana siku ile kama siku nyingine yoyote. Baada ya tetemeko la ardhi la Nepal la Aprili 25, 2015, waendeshaji wa redio za ridhaa walikuwa miongoni mwa waliopeleka taarifa kutoka maeneo ambako njia za kawaida zilikuwa zimekatika. Nchini, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yaliyoikumba Katesh Desemba 3, 2023 na kuua zaidi ya watu 80 yalidhihirisha jinsi mteremko wa mlima unavyoweza kubadilika ndani ya asubuhi moja. Rungwe nayo ni nchi ya miteremko.

Hata hivyo, redio isiyo na umeme ni sanduku tu. Swali la nishati, ambalo kwa mtu wa mjini ni la kuchomeka waya ukutani, kwa kituo cha kubebeka ndilo swali la kwanza.

Anza na matumizi, si na paneli

Kosa la kawaida ni kununua paneli kwanza, kwa kufuata ukubwa wa mfuko, kisha kutafuta itaendesha nini. Fundi makini hufanya kinyume chake. Huuliza chombo kinakula umeme kiasi gani kinaposikiliza, kiasi gani kinapotuma, na kwa saa ngapi kila siku.

Vyombo vingi vya redio ya ridhaa vimeundwa kutumia umeme wa volti 13.8, unaokaribiana na ule wa betri ya gari. Chombo kidogo cha kubebeka chenye nguvu ya wati 5 huweza kutumia takriban ampea 0.4 kinaposikiliza na ampea 2 kinapotuma. Chombo kikubwa cha wati 100 hutumia kama ampea 1 kinaposikiliza, lakini kinapotuma hufikia ampea 20 kwenye kilele cha sauti. Viwango hivi hutofautiana kati ya chombo na chombo, na kitabu cha maelekezo cha kila chombo ndicho cha kuaminiwa.

Chukua kituo kinachosikiliza kwa saa 10 kwa siku na kutuma kwa jumla ya saa moja. Chombo kidogo kitatumia ampea-saa 4 kwa kusikiliza na 2 kwa kutuma, yaani ampea-saa 6, sawa na takriban wati-saa 77. Chombo kikubwa, hata ikikadiriwa kuwa sauti ya kawaida hula nusu tu ya kilele, kitatumia ampea-saa 10 kwa kusikiliza na 10 kwa kutuma. Hizo ni ampea-saa 20, au takriban wati-saa 256 kwa siku, zaidi ya mara tatu ya chombo kidogo.

Tofauti hiyo ya umeme ni kubwa kuliko tofauti inayosikika masikioni. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 5 hupunguza mawimbi kwa desibeli 13, ambazo kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi kilichomo ndani ya redio ni kama hatua mbili tu. Kwa ujumbe mfupi unaosemwa polepole, ukarudiwa na kuandikwa, hatua mbili hazizuii kazi. Kwa Kisiba, chombo kidogo chenye antena nzuri kinafaa kuliko chombo kikubwa chenye betri iliyokufa.

Na antena ndiyo sehemu isiyokula umeme hata kidogo. Redio za mkononi za masafa ya VHF hufika pale tu zinapoweza "kuona", hivyo mtu aliye Kisiba hawezi kutarajia kuzungumza nazo moja kwa moja na Mbeya huku Mlima Rungwe na miinuko yake imesimama katikati. Njia inayofaa ni masafa mafupi, hasa ukanda wa meta 40 unaoanza megahezi 7.0 hadi 7.2 katika kanda ya ITU ambamo Afrika imo. Waya wa shaba wenye urefu wa takriban meta 20, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo ya redio, ukining'inizwa kimo cha meta 3 au 4 tu kati ya miti miwili, hupeleka mawimbi juu karibu wima. Yakifika katika tabaka la hewa ya juu liitwalo ayonosfia, hurudishwa chini kama maji ya bomba la kumwagilia bustani, yakafunika eneo lote la kilomita mia kadhaa kuzunguka kituo, mabonde na nyuma ya milima. Kwa utaratibu huo Mbeya mjini, iliyo umbali wa kilomita 70 hivi kwa barabara kutoka Tukuyu, hufikika mchana kwa nguvu ndogo. Usiku, ayonosfia inapodhoofika, waendeshaji huteremka kwenye masafa ya chini zaidi, ya megahezi 3.5 na kuendelea, ambako waya hutakiwa uwe mrefu maradufu.

Mawasiliano ya kidijitali yanayotumia kompyuta au simu janja husifiwa kwa kupenya pale ambapo sauti haisikiki. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini yana gharama yake: wakati wa kutuma, chombo hufanya kazi kwa nguvu yote bila kupumzika, tofauti na sauti ya binadamu yenye vituo na pumzi. Kompyuta nayo inataka kula. Alama za Morse, ambazo vijana wengi huziona kuwa mambo ya kale, bado zinapeleka ujumbe mbali kwa umeme mdogo sana.

Betri ndiyo kituo chenyewe

Paneli huzalisha jua linapokuwapo. Betri ndiyo inayofanya kazi saa nane usiku mvua ikinyesha. Kwa eneo la mvua nyingi, kadirio la busara ni kuwa na akiba ya siku tatu bila kutegemea chaji yoyote. Kwa chombo kidogo cha mfano uliotangulia, hizo ni ampea-saa 18. Kwa chombo kikubwa ni 60.

Hapo aina ya betri huamua uzito wa mzigo. Betri za asidi na risasi, ziwe za maji au zile zinazoitwa betri kavu, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Zikizoeshwa hivyo huchakaa upesi. Kwa hiyo anayehitaji ampea-saa 18 anapaswa kununua betri ya karibu ampea-saa 40, yenye uzito wa zaidi ya kilo 10. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma huruhusu kutumiwa hadi asilimia 90 ya ujazo wake, hivyo ampea-saa 20 zinatosha, na mzigo wake ni kilo 2 hadi 3. Bei yake ni ya juu dukani, lakini hudumu kwa mizunguko ya chaji iliyo mingi mara kadhaa. Kwa mtu atakayepanda kilima kwa miguu akiwa na mzigo begani, swali hili halihitaji mjadala mrefu.

Betri ya lithiamu ina tabia moja inayowashangaza waliozoea betri za gari. Betri ya asidi huonyesha uchovu wake kwa kushuka volti taratibu, na anayeipima kwa mita hujua imefika wapi. Ya lithiamu hubaki karibu na volti 13 kwa muda mrefu, iwe imebakiza robo tatu au theluthi, kisha kinga iliyomo ndani yake hukata umeme ghafla. Mwendeshaji anayetegemea volti pekee anaweza kuzimikiwa katikati ya ujumbe. Dawa ni kuwa na kipimo kidogo cha ampea-saa kwenye waya wa betri, au daftari la kuandika saa za kusikiliza na za kutuma. Daftari halina hitilafu.

Betri ya gari ni ya kuazima wakati wa dharura tu. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutolewa umeme polepole siku nzima.

Paneli ya Aprili

Sehemu kubwa ya Tanzania hupokea mwanga wa jua wa kilowati-saa 4 hadi 7 kwa kila meta ya mraba kwa siku. Mafundi huusoma wastani huo kama "saa za jua kamili", na wauzaji hupenda kuanza na namba ya juu. Kwa Kisiba katika miezi ya mvua kubwa, kupanga kwa saa 2.5 ni tahadhari inayofaa; siku ya giza huweza kutoa saa moja tu. Zaidi ya hapo, karibu asilimia 30 ya kinachozalishwa hupotea katika joto la paneli, nyaya, kidhibiti chaji na betri yenyewe.

Kwa hesabu hiyo, paneli ya wati 50 itatoa kama wati-saa 87 katika siku ya kawaida ya mvua, zikiwa zinatosha kwa shida wati-saa 77 za chombo kidogo. Siku ya giza itatoa 35, chini ya nusu ya mahitaji, na betri italipa tofauti. Jua likirejea kwa saa 5 kamili, paneli hiyohiyo itatoa wati-saa 175. Baada ya matumizi ya siku hiyo zitabaki 98 za kurudisha akiba. Betri iliyomaliza siku tatu za akiba itahitaji siku mbili na nusu za jua zuri ili ijae tena. Hicho ndicho kipimo ambacho watu wengi hukisahau: siyo tu kama paneli inatosha leo, bali itachukua siku ngapi kujaza kilichotumika wiki iliyopita. Kwa chombo cha wati 100, paneli ya wati 150 ndiyo ya kuanzia, na mbili za ukubwa huo si anasa.

Vitabu vingi vya maelekezo vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, navyo husema paneli itazame kusini. Kisiba ipo karibu nyuzi 9 na dakika 20 kusini mwa Ikweta, na hapa maelekezo hayo hupotosha. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini: katikati ya Aprili hupungua karibu nyuzi 19 kutoka utosini, na mwezi Juni karibu nyuzi 33. Kuanzia takriban katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari huvuka na kupita upande wa kusini. Paneli iliyofungwa moja kwa moja juu ya paa iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mwinamo unaosaidia pia mvua kuosha vumbi na majani. Paneli ya kubebeka inaweza kugeuzwa kufuata jua. Lakini wingu likitanda, kufuata jua hakuna maana, kwa kuwa mwanga hutoka anga lote. Wakati huo paneli ilazwe chali.

Kivuli ndicho adui wa nyumbani. Seli za paneli zimeunganishwa moja baada ya nyingine, na jani moja la mgomba lililofunika seli chache hupunguza umeme kwa kiwango kinachozidi sana ukubwa wa kivuli chake. Katika kijiji ambacho migomba imezunguka kila nyumba, mahali panapoonekana wazi saa nne asubuhi huenda pakawa kivulini ifikapo saa nane. Mahali pa paneli pachaguliwe kwa kukaa na kutazama siku nzima.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ana haki ya kupima. Paneli halisi ya wati 50 ya mfumo wa volti 12, saa sita mchana kwenye jua kali, huonyesha volti 21 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na karibu ampea 3 nyaya zake zikigusanishwa kupitia mita. Ikionyesha ampea moja na nusu, lebo ya nyuma inasema uongo. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nayo itafutwe.

Volti hizo 21 ndizo sababu paneli haiunganishwi kamwe na redio moja kwa moja. Redio nyingi huvumilia kati ya volti 11.7 na 15.9, zaidi ya hapo huungua. Katikati lazima kiwepo kidhibiti chaji, ambacho mafundi wa mitaani huita kontrola, kilichowekwa kwa aina ya betri inayotumika. Kidhibiti cha betri ya maji hakifai kwa lithiamu isipokuwa kina mpangilio wake.

Waya nao huhesabiwa. Waya wa milimita za mraba 2.5, betri ikiwa umbali wa meta 5 kutoka kwenye redio, hupoteza takriban volti 1.4 chombo kikubwa kinapovuta ampea 20. Betri yenye volti 12.8 huifikishia redio 11.4, chini ya kiwango chake, na redio huzima ingawa betri imejaa. Wengi hulaumu betri. Chombo kidogo cha ampea 2 kwenye waya huohuo hupoteza volti 0.14 tu. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu betri ya lithiamu iliyogusana nyaya huweza kuwasha moto. Na radi inapoanza kunguruma, kebo ya antena ichomolewe na itolewe nje ya nyumba.

Kelele zinazotoka ndani

Lipo tatizo ambalo muuzaji wa sola wa kawaida hawezi kulijua, kwa sababu wateja wake wa taa na televisheni hawalioni. Vidhibiti chaji vingi hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kitendo hicho huzaa mawimbi ya redio yanayosikika kama mvumo au mluzi katika masafa mafupi, na kituo dhaifu kinachoita kutoka mbali hufunikwa kabisa. Inveta za kubadili umeme wa betri kuwa wa volti 230 ni mbaya zaidi. Tena hakuna haja nazo, kwani kupandisha umeme hadi 230 na kuushusha tena hadi 13.8 ni kupoteza nishati mara mbili.

Kipimo cha kelele hizo kipo katika nyumba nyingi: redio ndogo ya betri kavu yenye mawimbi ya kati au masafa mafupi. Isogezwe karibu na kidhibiti wakati paneli iko juani, ikiwa kwenye masafa matupu. Mvumo ukitokea na kukoma paneli inapofunikwa kwa kitambaa, mkosaji ameonekana. Kuzungusha nyaya mara kadhaa kwenye pete za feraiti hupunguza kelele, na kidhibiti kuwekwa mbali na antena husaidia. Suluhisho la uhakika ni la kizamani: betri mbili, moja ikichajiwa nje, nyingine ikiendesha redio ndani, kisha zinabadilishana. Mwenye betri moja aweke swichi ya kukata paneli kwa dakika chache za kusikiliza.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa katika vitabu. Umeme wa mji mzima ukikatika, nyumba yenye sola hugeuka kituo cha kuchaji simu. Kuchaji simu janja moja hadi ijae hula karibu wati-saa 20 pamoja na zinazopotea. Simu nne ni sawa na siku nzima ya kituo kidogo cha redio. Kumkatalia jirani mwenye mgonjwa ndani ni vigumu, na pengine haipaswi kuwa hivyo. Ndiyo maana waendeshaji wenye uzoefu hutenga paneli ndogo na betri yake kwa simu za watu, na betri ya redio huifungia mahali pake. Seti ndogo za sola za nyumbani, zile za taa tatu na redio, zinatosha kwa kazi hiyo ya simu. Kwa kuendesha redio ya mawasiliano nyingi hazifai, kwa kuwa betri zake ni ndogo na baadhi hazitoi volti 12.

Leseni kwanza

Hakuna kinachoruhusiwa kurushwa hewani bila leseni. Nchini Tanzania leseni za redio ya ridhaa na alama za mwito hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na matumizi ya masafa yanasimamiwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kumiliki na kutumia mtambo wa kurushia mawimbi bila kibali ni kosa. Mwananchi anayekusudia kuagiza chombo kutoka nje ya nchi anashauriwa kuwasiliana na TCRA kabla ya kutuma fedha, si baada ya mzigo kufika. Kusikiliza kwa redio ya kawaida ya masafa mafupi kunabaki kuwa shule nzuri ya kuanzia.

Kanuni za Redio za ITU zinazihimiza serikali kuviwezesha vituo vya ridhaa kujiandaa kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Wapenzi wa redio hizi katika kanda inayojumuisha Afrika, kupitia umoja wao wa kimataifa (IARU), wametenga masafa ya kukutania wakati wa dharura, yakiwamo megahezi 7.110 na 14.300. Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi vijijini. Kituo cha redio hakichukui nafasi ya kamati hizo wala ya namba za dharura za 112 na 114. Kinachoweza kufanya ni kubeba ujumbe wao pale simu inapokuwa kimya, mradi kamati ijue mapema kwamba kituo kipo, kipo wapi na nani anakiendesha.

Anayetaka kujua kama mtambo wake unafaa hana haja ya kusubiri maafa. Achague siku tatu za mvua mfululizo mwezi Aprili, achomoe paneli, afungue redio saa moja asubuhi na kusikiliza saa 10 kila siku, akituma kama alivyopanga, na kuandika katika daftari volti za betri kila saa mbili. Jioni ya siku ya tatu aite kituo kilichoko Mbeya. Akijibiwa, arudishe paneli mahali pake na ahesabu ni siku ngapi zitapita kabla betri haijajaa.